Bubu wa Nyahanga

Mdogo wangu Meshack hajawahi kutulia. Hata akila, mguu unacheza chini ya meza. Zamani alichekecha mchanga wa almasi Maganzo, na wakati wa mapumziko aliwaigiza matajiri wanunuzi wa pale bila kutoa neno: wanavyolipindua jiwe, wanavyombeza aliyelileta. Siku moja nikamrekodi kwa simu, video ikasambaa. Ndipo akaitwa Bubu, na mimi Salome, muuza mchele, nikawa mpiga picha wake.

Msukuma, Msumbwa, Mzinza, wote walicheka bila kutafsiriwa. Tatizo, watu waliamini ni bubu kweli. Walimhurumia, wakazidi kumpenda. Mwenye duka la simu anayetudhamini akaweka sharti: Meshack asisikike akiongea popote hapa Kahama. Basi nyumbani Nyahanga, majirani wakishalala, anazunguka chumbani ananiropokea kwa sauti ya chini. Inanikera, lakini angefanyaje?

Halafu akampata mchumba, Coletha wa Ushirombo, ambako aliongea bila woga. Baba yake, Mzee Agapiti, hakumtaka mkwe mchekeshaji, eti watu hao hawana adabu. Kwa shingo upande akakubali tupeleke posa Jumamosi. Wiki hiyo Meshack hakulala, na mimi hakuniacha nilale.

Alhamisi tukawa stendi tunarekodi, watu wametuzunguka, mdhamini wetu yumo. Basi la Ushirombo likaingia. Mzee Agapiti akashuka, akapenya watu, akasimama mbele ya Meshack. Mkubwa haanzi kusalimia. Alikuwa anasubiri shikamoo yake.

Meshack akamtazama mdhamini, akanitazama mimi. Kisha akainama mpaka chini, mikono kifuani, akaonyesha kwa mwili heshima yote aliyonayo. Watu wakaangua kicheko. Walidhani mzee naye ni mwigizaji. Mzee akageuka huku na huku, akavua kofia, akaivaa tena. Mtu mzima anachekwa stendi, na anayemchekesha anataka binti yake! Niliona aibu mpaka nikashusha simu.

"Shikamoo, baba," Meshack akasema.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja ambaye humletea Meshack maziwa ya bure alimtazama kama mwizi, akaondoka. Mdhamini naye akasema udhamini umekwisha, akaondoka.

Mzee Agapiti aliwasindikiza kwa macho wote wawili.

"Marahaba," akajibu. "Jumamosi njooni. Lakini sasa binti yangu utamlisha nini?"

Meshack akasema hajui, kwa sauti, stendi nzima ikimsikia.