Samoni wa Mzee Pirie

Ishbel Geddes amesimama ndani ya Mto Spey, maji yakimpiga kiunoni, na anagomba.

"Mzee Pirie, umeinua tena ufito!"

"Sijainua."

"Umeinua! Nimekuona kwa macho yangu mawili. Samoni ameshaweka mdomo, wewe unamnyang'anya."

Ukingoni, kwenye kiti cha kukunja, Netta Pirie anacheka mpaka sindano za kufumia zinamponyoka. "Mwache, Ishbel," anasema. "Mume wangu huyo hata supu huila kabla haijaiva."

Ni wiki ya mwisho ya Septemba, Uskochi. Majani yameanza kuwa manjano, mvua ya juzi imeujaza mto, na samoni, samaki wakubwa wa huku, wanapanda kutoka baharini kwenda kutaga. Kwa watu wa huku hakuna wakati mtamu kuliko huu, na hakuna mfupi kuliko huu, maana mwezi ukiisha msimu unafungwa.

Ishbel, 54, ni mwongoza wavuvi. Kazi yake ni kujua samoni wamelala wapi, kuchagua chambo, kupiga makasia, kushika wavu na kuwafariji wageni wanaorudi mikono mitupu. Chambo chenyewe ni vinzi bandia, yaani nzi wadogo wa manyoya na uzi, anavyovifunga mwenyewe wakati wa baridi. Mshahara, anasema, unatosha dizeli na chakula cha mbwa. Siagi inanunuliwa na bahashishi.

"Watu wanadhani nalipwa kuvua," anasema. "Wapi! Nalipwa kutazama wengine wakikosea, halafu ninyamaze. Kunyamaza ndiko kunakonishinda."

Kazi hii aliipata kwa baba yake, Murdo, ambaye sasa anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. "Aliniachia mtumbwi, mbwa na Mzee Pirie," anasema.

Lachlan Pirie, mwokaji mikate mstaafu wa Glasgow, amekuja hapa kila vuli kwa miaka kumi na tisa. Hajapata samoni hata mmoja. Si kwamba hajui kuvua, la hasha! Kwa trauti, samaki mdogo wa mtoni, ni bingwa, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Trauti hukionja kinzi na kukitema papo hapo. Ukichelewa kuinua ufito wa kuvulia, umemkosa. Samoni ana tabia zake. Hukichukua taratibu, akageuka nacho kurudi chini, na mvuvi anatakiwa atulie tuli, amwachie mshipi mpaka samaki aukaze mwenyewe. Mkono wa Mzee Pirie umezoea trauti tangu utotoni, kwa hiyo kila mwaka anamnyang'anya samoni chambo mdomoni.

Safari hii hakuna kusema tutaonana mwakani. Novemba atapasuliwa nyonga, na daktari amemkataza katakata kusimama tena kwenye maji yaendayo kasi. Leo ni siku yake ya mwisho.

"Sijalala vizuri wiki nzima," Ishbel anakiri. "Anayepasuliwa ni yeye, anayeogopa ni mimi. Baba alimwahidi samoni. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikamwahidi tena."

Mchana wanakula ukingoni, mkate wa jibini, chai na keki ya matunda. Netta anamgeukia mumewe.

"Lachlan, ukifungua tanuri mapema, mkate unakuwaje?"

"Unanywea. Nani asiyejua hilo?"

"Basi leo usifungue tanuri."

Mzee anamaliza keki yake, anamnong'oneza mkewe kidogo, kisha anarudi mtoni akiegemea bega la Ishbel.

Anarusha mshipi. Kinzi kinakokotwa na maji, kinavuka mto taratibu, halafu mshipi unasimama. Unasita. Unaanza kwenda, polepole, kinyume na mkondo wa maji.

Na hapo Ishbel, mwanamke aliyezeekea kazi hii, anasahau kila anachofundisha.

"Inua!" anapiga ukelele. "Mzee Pirie, inua!"

Mzee Pirie hainui. Amesimama kimya, anautazama tu mshipi ukienda. Unakaza. Ufito unapinda wenyewe, na samoni anaruka hewani, mwili mzima!

"Kwa nini hakunisikia?" Ishbel anauliza, mikono kichwani.

Netta anafumbua kiganja. Ndani yake kuna vifaa viwili vya kusaidia kusikia. "Amenipa nimwekee," anasema. "Anadai unampigia kelele."

Wanavutana na samaki yule mpaka achoke, ndipo Ishbel anapompokea kwa wavu. Ni jike mnono, tumbo limejaa mayai. Majike wa vuli hapa hawachukuliwi, na Mzee Pirie hahitaji kukumbushwa. Anamshika ndani ya maji, kichwa kikielekea juu ya mto, mpaka apate nguvu.

"Nenda, mama," anamwambia. Mkia unapiga, samoni anaondoka. Mzee analia bila kujificha, Ishbel analia, na Netta anawacheka wote wawili huku akijipangusa macho.

Wakati wa baridi Ishbel atafunga kiti chenye mgongo ndani ya mtumbwi. "Daktari amekataza kusimama," anasema. "Kukaa hajakataza."

Ila kwanza, jioni hii, anakwenda kumwona baba yake.

"Ataniuliza uzito, nitamwambia," anasema akikunja wavu. "Ataniuliza kama Pirie alisubiri, nitamwambia alisubiri. Halafu ataniuliza mimi nilikuwa nasema nini muda huo."

Anaangua kicheko.

"Hapo nitamdanganya."