Kikombe Kilichopoa Kupita Chumba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule kule Mbozi alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akauliza, "Wewe ndiye wa Hisabati? Huko chuo kikuu walikuwa hawawalishi?" Nilikuwa mwembamba kama kipande cha chaki, na digrii yangu ilinipa kiburi cha kuwatosha watu watatu. Akanikabidhi kidato cha sita na mada iliyokuwa imewakimbiza walimu wawili kabla yangu: milinganyo ya mabadiliko.

Kwa vijana msiowahi kuiona, mlinganyo wa aina hii haukwambii kitu kiko wapi. Unakwambia tu kinabadilika kwa kasi gani, njia yake uitafute mwenyewe. Aina tuliyoanza nayo ni ile inayotenganishika: kila kinachohusu joto unakipeleka upande mmoja, kila kinachohusu muda upande wa pili, kama wakwe ukumbini, kisha unaintegreti pande zote mbili, yaani unajumlisha mabadiliko madogo madogo yote. Hapo inazaliwa c, namba usiyoijua. Kuipata unahitaji hali ya awali, yaani kitu kilianzia wapi ulipoanza kukitazama.

Mkuu wa Idara, mzee wa Kinyiha mwenye suti moja, alinikuta nimefunga hesabu ubaoni huku c bado inaning'inia.

"Mwalimu, wewe unapanda basi lisilo na kibao?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona unawapandisha watoto wa wenzio?"

Darasa zima liliangua kicheko. Sikuisahau c tena.

Baadaye nilihamishiwa Momba, shule moja ya bonde la Msangano, ambako joto lilinivua koti na sehemu ya kiburi. Mfano wangu wa kila mwaka ulikuwa kikombe cha maji ya moto. Maji hupoa kwa kasi inayofuata tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira, ambalo tuliliita M. Wepesi wa kupoa uko kwenye k: kikombe cha bati kina k kubwa, chenye kuta nene kina k ndogo. Tofauti ikiisha, maji yanaacha kupoa, yanasimama. Yakianza yakichemka au yakiwa vuguvugu, mwisho wake ni M ile ile.

Mwaka mmoja vikundi vyote vilipima kutwa nzima maabara, na vikombe vyao vikasimama kwenye nyuzi ishirini na nane, sawasawa na kipimajoto cha ukutani. Kikombe cha Tusekile, binti wa kutoka milima ya Ileje aliyekaa peke yake meza ya nyuma, kiliishia kumi na nne.

Mwalimu wa Taaluma alitupa karatasi yake mezani kwangu. "Huyu amepika namba. Maji yapoe kuliko chumba? Hiyo baridi yameazima kwa jirani?" Adhabu ya udanganyifu ilikuwa kurudishwa nyumbani na kutofanya mtihani wa mwisho.

Nilimwita. Hakulia. "Mwalimu, nilisubiri yasimame kama ya wenzangu. Yakapita."

Nikamtetea kwa elimu yangu yote. Nikaeleza kwamba maji yaliyo wazi hupoteza joto kwa mvuke, ndiyo maana ya mtungini ni baridi.

"Mtungi utapunguza nyuzi kumi na nne?" akauliza Taaluma. "Haya, kifunikwe. Nitasoma mwenyewe. Yakisimama ishirini na nane, binti anapanda gari kesho."

Asubuhi tulikiweka kikombe kile kile, kimefunikwa, kwenye meza ile ile. Mkuu wa Shule wa pale Momba alikuja na kiti chake. Taaluma alisoma kwa sauti hadi alasiri. Thelathini. Ishirini na nane. Akajifuta jasho, akatabasamu. Kisha akasoma ishirini na sita. Akabadilisha kipimajoto. Ishirini na nne. Nilipapasa meza, ilikuwa vuguvugu. Nilipitisha mkono juu ya kifuniko, hewa ilikuwa ya Msangano ile ile. Ilipofika kumi na nne, ikasimama, na Taaluma akaacha kusoma kwa sauti.

"Binti arudi darasani," alisema Mkuu wa Shule, akabeba kiti chake mwenyewe.

Nilibaki na zile namba. Nilipoweka ishirini na nane mahali pa M, hakuna kilichokubali. Nilipoweka kumi na nne, kila namba aliyosoma Taaluma ilikaa juu ya mstari wa grafu kama imetumwa. Kikombe kilitii kanuni vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Ila hakikuwa kinapoa kuelekea chumba chetu.

"Mwalimu," Tusekile aliniuliza, "sasa hiyo M ni ya nani?"

"Ya mazingira."

"Mazingira yapi?"

Nilimpa zoezi la ziada, kama tufanyavyo walimu tukikosa jibu.

Alifanya mtihani, akafaulu, akawa mwalimu. Kituo changu cha mwisho, Tunduma, tulifundisha pamoja. Siku ya kuniaga, yeye ndiye aliyenikabidhi zawadi ya wafanyakazi: chupa ya chai. Watu walipiga makofi. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Ya kupunguza k, Mwalimu. M hatuiwezi."

Nilicheka. Ustaafu ni mwema: unaamka bila kengele, unakunywa chai ukihesabu malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Oktoba iliyopita mimi na familia tulikwenda msibani Mbozi, tukarudi baada ya siku kadhaa. Nyumba ilikuwa tanuri. Chupa ilikuwa mezani, imefungwa, na chai ndani. Nikachovya kipimajoto, kisha nikampigia Tusekile.

"Kumi na nne," nikamwambia.

Hakushtuka. "Ilianzia ngapi?"

"Niliimimina ikichemka."

"Basi imefika."

Malori yalikuwa yakinguruma nje. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ya Mkuu wa Idara wa Mbozi ambaye hakuwahi kumwona, niimwage na nichemshe nyingine. Nimechemsha. Naiandika hii nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, na bado ni cha moto.