Kikohozi Katika Nyumba Isiyolaliwa

Bado naiona ile Jumamosi ng'ombe walipokataa kupita mbele ya nyumba yangu mpya. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kuchoma utosi, na marehemu baba yako ndiye aliyekuwa anawarudisha kutoka kunywa maji. Walipofika usawa wa mlango wakasimama. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia. Walisimama tu wakiutazama mlango, halafu wakagawanyika, wengine wakazungukia nyuma ya choo, wengine wakaingia kwa jirani na kukanyaga mihogo ya watu. Baba yako aliwapiga fimbo mpaka mkono ukamchoka. Akaniangalia, akasema, "Kaka, hii nyumba yako ina mtu?" Nikamjibu kwa hasira kwamba nyumba ina kufuli na funguo ninazo mimi, sasa huyo mtu atakuwa ameingilia wapi?

Mwanangu, jana ulininong'oneza habari zako za hospitali, nami ombi lako sikulijibu, ukaondoka umenuna. Najua. Ndiyo maana nimekuita asubuhi hii. Kwa mila zetu mimi baba yako mkubwa na wewe hatuongeagi mambo ya chumbani, hayo mtu anaongea na babu yake, wakataniana, wakacheka. Lakini babu yako hayupo, na baba yako naye tumeshamzika, kwa hiyo utanivumilia nami nitakuvumilia. Kaa vizuri. Na hiyo simu izime.

Nyumba yenyewe ni hii hii tuliyomo. Niliijenga nikiwa bado na duka la vifaa vya ujenzi Musoma mjini, naishi Kamunyonge na mama yako mkubwa, huku Butiama nikija mwisho wa wiki. Vyumba vinne, bati la rangi, madirisha ya vioo, nikajiona na mimi ni mtu kati ya watu. Sasa unajua kwetu nyumba mpya haikaliwi hivihivi. Padri ataibariki, sawa, maji ya baraka atanyunyiza, nasi tutasema amina. Lakini ukoo unasubiri jambo lake. Baba na mama wenye nyumba walale humo wa kwanza, wakutane kama mume na mke, na asubuhi mama atoke awashe moto jikoni. Watu wakiona moshi wanajua nyumba imefunguliwa. Kabla ya moshi huo, mtoto wa kiume haruhusiwi hata kuchimba msingi wa kwake.

Na mtoto wangu Wambura alikuwa anasubiri. Tofali zake zilikuwa zimeshachomwa, zimepangwa pale chini kwenye mwarobaini. Mchumba wake alikuwa kwao Bunda, tumbo limeshaonekana, na baba wa binti alikuwa ametuma neno: mwanangu hazalii kwangu, na hazalii kwenye chumba cha kupanga, kama hamna nyumba semeni nimtafutie mwingine. Kila wiki Wambura ananipigia, "Baba, mtahamia lini?" Namwambia sakafu haijakauka. Wiki ijayo namwambia rangi inanuka. Loo, ile rangi ilinuka mpaka ikakoma, na mimi bado nasema inanuka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi. Sukari ilikuwa imenikaa mwilini muda mrefu nikiifanyia mzaha, nakunywa soda kama mtoto wa shule, na siku moja jogoo akagoma kuwika. Nikadhani uchovu. Akagoma tena. Mama yako mkubwa akageukia ukutani, na ule mgongo wake ndio ulionitia aibu zaidi. Nikaanza kulala dukani, eti nalinda mali. Nikikutana naye namtafutia kosa: chai ya baridi, shati halijapigwa pasi. Mwanamume akiwa na aibu anakuwaga mkali, wewe jiangalie tu utaona.

Basi ile Jumamosi, baba yako alipokwisha kuondoa ng'ombe, nikafungua kufuli nikaingia. Nje watu walikuwa wanatokwa jasho, ila ndani palikuwa na baridi ya kuchoma miguu. Nikasimama sebuleni. Na kutoka chumba kikubwa, hiki hapa nyuma yangu, mtu akakohoa.

Si kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kile cha mzee anayekaribia nyumba ya watu, anayekohoa ili wajiweke sawa kabla hajaingia. Na nilikijua. Nilikisikia utoto wangu wote, kikohozi cha baba yangu, kizito, chenye tumbaku ndani yake. Baba nilimzika mwenyewe, udongo wa kwanza niliutupa mimi.

Nikausukuma mlango. Hakuna mtu. Kitanda kipo, godoro jipya bado liko kwenye nailoni yake ya dukani. Lakini ukingoni mwa godoro, ile nailoni ilikuwa imebonyea kama mtu ameketi pale muda mrefu, na nilipokuwa naitazama ikaanza kujirudisha polepole, inalia kri, kri, kri. Mwanangu, nilitoka kwa kurudi nyuma. Kufuli nililifunga siku ya pili yake.

Wiki hiyo nikapanda gari kwenda Mwanza kwa daktari bingwa wa mambo hayo. Dawa za kumeza nilikuwa nimeshazijaribu, nikaambulia kichwa kuuma. Akanipima, akaniambia sukari imeharibu mishipa, sindano zipo tunaweza kujaribu, na mwisho kabisa kuna kifaa. Akanionyesha mfano wake mezani: vipira viwili vinavyoingizwa ndani ya uume, kimfuko cha maji kinachokaa tumboni, na pampu ndogo ndani ya korodani. Unaibonyeza, maji yanajaza vipira, uume unasimama. Ukimaliza unayarudisha. Mtu akikutazama hajui kitu. Nikasema hapohapo, "Niwekee."

Yule daktari, kijana wa umri wako, akaweka kalamu chini. "Mzee, hiki kikishawekwa, njia ya zamani hairudi tena. Hata ukikitoa. Tena sukari yako kwa hapo ilipo, kidonda kitaoza. Lazima ishuke kwanza." Nikamwambia sina muda, kuna nyumba inanisubiri. Akaniuliza nyumba gani. Nikamweleza kila kitu, na kikohozi nikamweleza, maana nilikuwa nimeshachanganyikiwa. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu, "Mama anasemaje?" Nikamwambia mama hajui. "Basi rudi na mama," akasema. "Mimi nyumba siziwekei kifaa."

Unadhani nilikwenda kwa mama? Aka! Nilikwenda Kisorya. Kule alikuwa ameolewa shangazi yangu Nyabise, dada wa baba, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, aliyebaki peke yake katika watu wa umri ule. Nilitaka anipe njia ya mkato: labda kuna mti wa kuchoma, labda kuna kondoo wa kuchinja, nyumba ifunguke bila mimi. Nilimkuta juu ya mawe ufukweni anapasua samaki, kamongo mkubwa. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni, na wale wadudu wa ziwa walikuwa wamesimama kwa mbali, wingu jeusi refu toka majini hadi mbinguni, wala halisogei. Nikamweleza kuhusu ugonjwa wangu, daktari wa Mwanza, na ng'ombe. Akaendelea kupasua. Nikamweleza kuhusu kikohozi. Kisu kikasimama.

"Kilikuwa hivi?" akauliza. Na akakohoa.

Nywele zilinisimama, mwanangu. Kile kikohozi chenyewe, toka kifuani kwa bibi kizee. Alikuwa hachezi. Alitazama maji, akasema polepole, "Anakuja kukwambia wewe kile ambacho hakukwambia akiwa hai. Baba yako alikuwa hawezi."

Nikadhani uzee umemwingia kichwani. Akanieleza. Baba alipigwa na fahali kinenani nikiwa mtoto wa kunyonya, mtoto wa mwisho ni baba yako wewe, aliyekuwa tayari tumboni, na baada ya hapo hakuweza tena. Ile nyumba kubwa ya zamani, ambayo baba alinitolea mahari nikiwa humo, aliijenga akiwa hivyo hivyo.

"Sasa nani aliifungua?" nikamuuliza.

"Mama yako! Nani anawashaga moto, wewe? Baba yako alimwita, akamwambia yote, mpaka akalia. Wakalala humo wakizungumza. Asubuhi mama yako akatoka, akawasha moto, moshi ukapanda, nani angemchungulia? Mwanamke akiwasha, imefunguliwa. Sisi wengine hatukuulizaga kitu, mimi mama yako alinieleza mwenyewe baadaye sana." Kisha akaninyooshea kile kisu chenye damu ya samaki. "Wewe unazunguka Mwanza, unazunguka Kisorya, kila mtu anajua habari zako, mpaka daktari asiyekujua. Mwenye moto wake umemficha. Mjinga wewe! Kaka yangu hawezi kutulia katika nyumba ambayo wenyewe wanafichana, ndiyo maana amekaa kitandani anakohoa. Nenda nyumbani, unaniharibia kitoweo."

Nilifika Kamunyonge mama yako mkubwa akiwa amerudi kanisani, bado na kitambaa chake kichwani, anachambua mchele. Nikakaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti. Nikamwambia. Maneno yalikuwa yanatoka yamekatika, mengine nilikuwa nayasemea mkeka. Nilipofika kwenye habari ya kikohozi akaacha mchele.

"Na wewe unamsikia?" akasema.

Kumbe alikuwa amechukua funguo zangu akaenda kufagia nyumba mpya zaidi ya mara moja, na kila alipoingia mzee anakohoa. Hakuniambia. Yeye alikuwa ameshaamua kwamba nimepata mwanamke mjini, ndiyo maana silali nyumbani, na kwamba baba mkwe anakohoa kumfukuza, nyumba si yake tena, ni ya mwingine. Alikuwa ameshakunja nguo zake kwenye begi. Begi lenyewe lilikuwa nyuma ya mlango, nimelipita kila siku sijaliona. Nililia, sikufichi. Naye akalia, halafu akaanza kucheka, akasema, "Yaani miezi yote hii nachukia mwanamke ambaye hayupo, ni sukari!" Kisha akakasirika tena, kwa haki yake, akaniuliza, "Na huo mpira wa maji ungeniwekea mwilini mwangu bila kuniuliza?"

Jumamosi iliyofuata tulikuja huku wote wawili. Tuliitoa nailoni kwenye godoro, tukaikunja, tukalala. Yaliyozungumzwa ni ya kwetu. Asubuhi nikamsikia anavunja kuni, anapuliza, na moshi ukaanza kupita juu ya bati. Baba yako akaja na ng'ombe. Walipita hapo mbele ya mlango wote, na yule dume mwekundu akasimama akakojoa kizingitini. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Kabla ya saa nne Wambura alikuwa ameshaanza kuchimba msingi, na mjukuu wangu alizaliwa ndani ya kuta, japo dari lilikuwa bado.

Kifaa je? Niliwekewa. Lakini si mwaka ule. Niliacha soda, sukari ikashuka, tukajaribu sindano kwanza, mama yako mkubwa akazichukia kuliko mimi. Tukarudi kwa daktari sote wawili, na mama yako mkubwa ndiye aliyemhoji: itamuuma kiasi gani, ikiharibika je, itakaa muda gani, ikiingia uchafu mtafanyaje. Mambo ambayo mimi sikuwa hata nimeyafikiria. Daktari alijibu yote, na mengine yalikuwa hayapendezi. Tukaenda nyumbani tukakaa nayo. Yeye ndiye aliyesema twende. Niliumwa wiki kadhaa, nilitembea kama bata, na sasa kinafanya kazi. Kinasimamisha uume, mwanangu, basi. Hamu hakileti, na kununa hakiondoi. Wenzangu wengine walielezwa hayohayo wakasema hapana, na wake zao wapo, wanacheka nao.

Sasa wewe. Tangu ile ajali ya pikipiki umekuwa unamkalia mkeo mbali. Jana alikuwa jikoni na mama yako mkubwa, wewe uko hapa, ukaniomba nikuuzie ng'ombe uende Dar ukawekewe hicho kifaa, ukanambia, "Baba mkubwa, mke wangu asijue." Ulipomaliza tu neno hilo, mtu alikohoa chumbani. Uligeuka, ukaniuliza nani anaumwa humo ndani. Nikakujibu hakuna mtu. Sikukudanganya. Tangu ule moshi wa kwanza sijawahi kumsikia tena, hadi jana.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nayo ni fupi. Kifaa si dhambi wala si uchawi, wala mwanamume hahitaji kifaa ili awe mwanamume. Muulize daktari mpaka achoke, jua kwamba ukishaingia njia hiyo hurudi, jua tiba zilizopo kabla yake. Lakini kabla ya daktari, kabla ya Dar, kabla ya ng'ombe wangu, leo hii kaa chini mbele ya mkeo umwambie. Akisema ndiyo, ng'ombe utamchagua mwenyewe zizini. Akisema subiri, subiri naye.

Mungu wa baba zetu akufungue mdomo. Akupe mke anayekusikiliza, kama aliyenipa mimi, na nyumbani mwako msiwe na mtu wa kumficha mwenzake. Moshi upande kwako kila asubuhi. Nenda, yuko jikoni. Mimi nabaki hapa, nimkaribishe mzee.