Mbuzi Waliokula Salongo ya Avenyu Nzima

Hata leo nikiwa na shughuli Katuba nazunguka barabara mbili zaidi ili nisipite kwenye avenyu ile, kwa sababu wapo kina mama pale ambao wakiniona tu wanalia kama mbuzi, meee, tena mbele ya watoto wao, na wana haki yao.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo, nasubiri kupangiwa kazi, na katika kusubiri huko nilikuwa nafikiri (nafikiri mno, mama alikuwa akisema kichwa changu ni redio isiyozimwa). Nilichofikiria zaidi ni Mwamini. Baba yake, fundi cherehani mwenye asili ya Maniema, alikuwa pia shefu wa avenyu yao, mtu wa maneno machache na suruali zilizopigwa pasi kali, na Mwamini alikuwa ameniambia wazi: "Ukuje Jumamosi uonane na baba. Akikukatala, njo basi, imeisha, mi sitatoroka na muntu."

Sasa niende na nini mkononi? Sukari niliona ni kidogo, kitenge niliona kitasema najigamba, kuku niliogopa atachafua koti la abakosti nililoazima kwa kaka yangu. Mwishowe nikatoka mikono mitupu, nikifikiri njiani.

Jumamosi asubuhi, mnakumbuka, ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi: kila nyumba ilitoka na majembe na mapanga ikang'oa magugu ya mbele ya ua wake, ikayarundika mlangoni, kisha watu wakaingia kuoga wakimsubiri mkubwa wa zone, ofisa wa serikali, apite kukagua. Nilipofika kazi ilikuwa imekwisha, nje hakuna mtu, na marundo yamejipanga mlango hadi mlango, mabichi, yananukia, na moyo wangu wa kilimo ukaniuma. Lengalenga, mchicha wa porini, laini kama ya bustani! Kishona nguo kichanga, ambacho ukikichemsha ni mboga na ukikifikicha unakiweka kwenye kidonda! Na nyuma ya nyumba ya Baba Mwamini, nilijua, kulikuwa na mbuzi waliofungwa kamba mchana kutwa (kuzurura kulikatazwa) wakitafuna maganda ya mahindi.

Watu wanatupa chakula, nikajiambia, na mimi naenda bukwe, kwa wazazi wa mchumba, bila kitu.

Uamuzi ulikuwa mdogo tu: nichukue kidogo kwenye rundo la kwanza. Lakini la kwanza lilikuwa lengalenga tupu, na mbuzi anahitaji mchanganyiko, basi nikagusa na la pili, halafu nikaona toroli limeegemezwa ukutani nikaliazima bila kumwuliza mwenyewe, halafu nikafikiri kwamba nikiacha baadhi ya marundo majirani watasema nabagua, na kwa usawa huo nikasomba avenyu yote, upande huu na upande ule, hata majani makavu na vishona nguo vizee vyenye mbegu za kunasa.

Mwamini alinikuta uani nikimwaga mzigo wa mwisho.

"Weye! Unaleta majani ku bukwe?"

"Si majani tu," nikasema, "haya yanaongeza maziwa, yana protini..."

Mama yake, Mungu ambariki, alichambua lengalenga akatia chunguni bila kuuliza imetoka wapi. Mbuzi walikula kama waliotoka gerezani. Nilikaa kwenye kiti nikijiona mkwe tayari, namsubiri mzee amalize kuvaa, ndipo nikasikia nje sauti ya mkubwa wa zone, na mzee akatoka mbio kumpokea (siku hizo kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia).

"Sitwayeni shefu, hii avenyu ilifanya salongo?"

"Ilifanya, sitwayeni. Bantu bote."

"Majani iko wapi?"

 Hapo tu, jamani, ndipo nilipoelewa kwamba rundo la mlangoni halikuwa takataka. Lilikuwa ndilo jibu la kila nyumba kwa serikali, na mimi nilikuwa nimewalisha mbuzi.

Watu wakatoka, mmoja na taulo shingoni, mwingine na sabuni masikioni, kila mmoja akitazama udongo mtupu.

"Yangu ilikuwa hapa, mulima muzima!" Mama Kabwe, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akilia. "Nani alibeba majani yangu?"

"Hakuna majani, hakuna kazi," mkubwa akamwambia Baba Mwamini. "Pengine hii avenyu inahitaji shefu mwingine."

Niliona shingo ya mzee ikiinama, mbele ya watu wake, nikatoka nikasema ni mimi. Ningeishia hapo! Lakini nilipoulizwa nimeyapeleka wapi nikaanza na mfumo wa tumbo la mbuzi, nikapanda hadi rutuba ya mbolea, na nilikuwa bado kwenye rutuba wakati msafara mzima umeshafika uani. Mbuzi walikuwa wamelala, matumbo kama ngoma. Hakikubaki kitu. Mkubwa akafunua chungu.

"Na hii?"

"Ile njo ya kwangu!" Mama Kabwe akapiga kelele. "Minaitambua!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mkubwa hakucheka, alikuwa akitazama abakosti yangu, ambayo toka kola hadi chini ilikuwa imejaa mbegu za kishona nguo. "Zunguka, sitwayeni," akasema, nikazunguka, "zunguka tena," nikazunguka tena, na mbuzi mmoja akaamka akaanza kunitafuna mkono wa koti.

"Basi, minaamini kazi ilifanyika," akasema. "Lakini mi siwezi kuandika kama salongo iko ndani ya mbuzi. Kesho bote mutarudilia. Shefu atabakia shefu, kama tu kesho minaona marundo."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Avenyu nzima ilitoka kung'oa magugu yasiyokuwepo, tukaenda kuyatafuta mbali kwenye mitaro, mimi na toroli mbele, na walioacha misa yao wakiniimbia "Injenia wa mbuzi" hadi marundo yakatimia na mkubwa akapita akatikisa kichwa kukubali.

Jioni Baba Mwamini aliniita kwenye cherehani yake. Alivuta magotini abakosti ya kaka yangu, niliyoiacha kwake ashone mkono uliotafunwa, akaanza kung'oa mbegu moja moja, bila kunitazama.

"Mbuzi yangu ilishiba," akasema. Akang'oa nyingine. "Lakini weye unasemaka mingi, mutoto yangu, na hauulizake. Ukuje na mujomba yako. Yeye atasema. Weye utanyamaza."

Nilienda na mjomba, na nikanyamaza kweli, hata nilipoulizwa kama nampenda Mwamini niliitika kwa kichwa tu, wakanipa. Na nimeapa: gugu la mtu, hata liwe dawa, hata liwe mboga, siligusi tena kabla sijabisha hodi na kuuliza kama ni takataka au ni ushahidi.