Wivu wa Shangazi Mwape

Asubuhi moja ya kiangazi haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa msichana mdogo, nimefunikwa kitambaa cha kikwembe kuanzia kichwani hadi magotini, natembea kando ya reli ya Sakania bila kuona mbele, na shangazi yangu Mwape amenishika mkono kwa nguvu utadhani ananipeleka kuuzwa. Kumbe nilikuwa nakwenda kufanya mtihani. Weka simu chini nikueleze. Leo sina haraka, na wewe pia huna.

Najua umenikasirikia. Jumapili iliyopita baba yako mdogo alitangaza mbele ya watu wote kwamba msichana wa nyumba hii hatakwenda kulala kambini na wanaume kule mgodini Kinsevere, eti masomo ya mawe na migodi si ya wanawake, eti diploma ya sekondari uliyopata inatosha, sasa uolewe. Uliniangalia. Ulingoja mimi nkambo yako, niliyemzaa baba yako, niseme neno, nami nikaendelea kumega tonge la bukari. Nitakuambia sababu, lakini kwanza msikie shangazi.

Kijijini kwetu msichana akipata damu ya kwanza hamwambii mama yake. Anamwambia shangazi, dada wa baba, na shangazi ndiye anayemweka ndani. Unafungiwa nyumbani kwake mpaka akina mama wakubwa waridhike na ulichofunzwa. Mwanaume yeyote asikuone, usikanyage jua, usicheke kwa sauti. Shangazi anakuletea vinyago vya udongo, kila kimoja na wimbo wake: huu wa kumtunza mume, huu wa kujua kunyamaza. Ukitoka, mchumba yuko tayari anangoja. Wenzangu wajanja walificha damu yao mpaka mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulipopita. Mimi mjinga nilikimbia kumwambia shangazi siku ileile, nikidhani atafurahi. Alifurahi kweli. Akafunga mlango.

Usimwone kuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mcheshi, na vijiji vyote vya kando ya reli vilimsifu kwa nyimbo zake. Kwetu hakuna msichana aliyetolewa nje bila yeye. Nyimbo nilizishika upesi, akanisifu. Lakini akienda kuteka maji nilikuwa narudia masomo yangu kwa sauti ya chini: mito, hesabu, siku za juma kwa Kifaransa. Siku moja akanikuta. Nilijikunja nikingoja kofi. Badala yake alikaa chini karibu nami, akaanza mwenyewe, polepole: "Lundi, mardi, mercredi, jeudi..." Akakwama.

"Kisha jeudi, iko nini?"

"Vendredi, mama."

"Vendredi," akarudia, kama anaonja chakula cha watu. "Miye nilifika jeudi tu. Ba tata balisema nyumba yetu haiwezi kutuma batoto babili ku masomo. Baba yako njo alikamata nafasi yangu. Miye balinirudisha ku mashamba."

Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Hapo niliuona wivu uso kwa uso, mwanangu. Alimwonea wivu kaka yake tangu utoto, na kwa kuwa kaka alikuwa mbali akitengeneza reli, mimi mtoto wake nilikuwa karibu. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo kurudia masomo aliimba kwa nguvu ili asinisikie.

Ilipobaki siku moja kabla ya mtihani, mwalimu wetu alikuja kuuliza kama nitafika Sakania. Shangazi alimjibu mlangoni. "Mwalimu, mutoto iko ndani. Weye uko mwanaume, rudia kwako." Mwalimu akarudi. Hata baba, ambaye sauti yake ilisikika kupita treni, asingethubutu kuvuka kizingiti kile. Jambo hilo lilikuwa mikononi mwa shangazi peke yake.

Nikavunja mwiko, nikalia kwa sauti kubwa. "Juu ya nini, mama? Nilikukosea nini?"

Angeweza kusema ni mila. Mtu mwingine angesema hivyo, nami ningenyamaza. Yeye aliniangalia sana, kisha akasema, "Bwivu. Hakuna kitu ingine. Miye balinikatalia, na weye unapata. Inaniuma hapa." Akajigusa kifuani.

Kulipopambazuka alitoa kikwembe chake kizuri cha sikukuu, akanifunika, akanitoa nje. Baridi ya asubuhi za kiangazi cha kwetu ilikuwa kali. Njiani wanaume waliotuona walijua mara moja kwamba ni msichana wa ndani. Walishuka kwenye reli wakageuza nyuso, kama mila inavyotaka, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia asante kupitia kile kitambaa. Akanikata maneno.

"Usinipatie asante. Roho yangu inakatala. Miguu njo inakupeleka."

Mlangoni mwa darasa alimwambia msimamizi kwamba huyu mtoto asionwe, basi wakaniweka nyuma kabisa, nimeelekea ukutani, kikwembe kichwani. Nikaandika. Wavulana walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana kila mtu alikuwa na shida yake na hesabu. Shangazi alikaa nje mpaka nilipomaliza.

Akina mama wa kijiji hawakumsamehe kwa kunitoa kabla ya wakati. Hakuitwa tena kumtoa msichana yeyote, na siku za ngoma alikaa kwake akizisikia kwa mbali, yeye aliyekuwa mwenye nyimbo. Mimi nilifaulu, nikaja kusoma huku Lubumbashi kwa masista. Kila nilipokwenda likizo alinikagua viatu, vitabu, nywele, halafu akasonya. Wivu wake haukuisha, wala hakuuficha, na mimi nilimwamini kuliko wote walionichekea. Nikawa mwalimu wa watoto wadogo. Nilipotaka kuendelea na masomo, marehemu mume wangu alisema inatosha. Nikatii.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza Jumapili. Nakuonea wivu, mwanangu. Ukijaribu ile kofia ngumu ya mgodini mbele ya kioo, ukicheka, ukisema mtapima mawe na kurudi na gari la kazi, natoka chumbani nisikuone. Mimi niliambiwa inatosha, kwa nini wewe isikutoshe? Nimefika mpaka kukugombeza kwa ajili ya suruali, na suruali yenyewe haina kosa lolote. Mtu mzima na mvi zangu!

Basi shika neno hili. Mkubwa akikuzuia kwa jina la mila, usimtukane, na usikimbilie kumtii. Kaa naye, umuulize kwa heshima yeye alinyimwa nini alipokuwa na umri wako. Huyo baba yako mdogo, muulize habari za masomo ya ufundi aliyoyaacha katikati. Mimi nilimzaa, najua alivyolia. Wala usingoje watu wote wafurahi ndipo uende, kwa sababu hawatafurahi wote. Pokea msaada hata wa mtu ambaye moyo unamuuma, ilimradi anakufikisha. Na siku utakapozeeka ukaona msichana anapata kile kilichokupita, wivu utakuja tu, usijidanganye. Useme kwa mdomo wako, halafu umpeleke anakokwenda.

Jumapili hii baba yako mdogo anarudi kula hapa. Nitasema kabla bukari haijawekwa mezani. Nitamwambia kwamba mimi ndiye nitakayekusindikiza Kinsevere, na mwenye neno aje anizuie mimi. Njia nzima moyo utaniuma, nisikudanganye.

Mungu akubariki, mwanangu. Akulinde na mawe, na mashimo, na wanaume wenye midomo. Akupe elimu, akupe kazi, akupe nyumba utakayoifungua kwa ufunguo wako mwenyewe. Akupe mengi, na juu yake akuongezee mengine, mpaka wivu wangu uchoke.