Mistari Sita kwa Watu Tisa

Siku ile ningali naikumbuka, mjukuu wangu, ingawa ningependa kuisahau. Jana ulinionyesha dirisha la programu uliloliunda kwenye kompyuta. Majina ya watu ndani yake yalikuwa yamekatika ukingoni, nawe ukasema, "Babu, ukubwa nilishaupanga." Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Zama za Ujamaa nilikuwa kijana mwenye shahada mpya, mwoga wa kukosea lolote. Nilitumwa kuandikisha kaya katika kijiji kipya huko Sikonge, ili kila kaya igawiwe shamba kulingana na watu wake. Wiki nzima nilikaa Tabora mjini nikichora fomu. Nilipima mistari, nikafuta, nikapima tena. Nafasi ya majina nikaipa mistari sita, ikapendeza. Kuuliza si ujinga, lakini sikumwuliza hata mtu mmoja kwake wako wangapi.

Bibi Kalunde, mjane mkulima wa tumbaku, alikuwa na watu tisa: yeye, watoto wake watano, na watatu wa marehemu dada yake. Nilipoandika jina la sita nikaweka kalamu chini.

"Bado watatu, baba."

"Mistari imekwisha, mama. Ukubwa ulishapangwa."

"Karatasi yako ndiyo iliyojaa. Nyumba yangu haijajaa."

Mzee Mihayo, balozi wa nyumba kumi, akanitazama. "Msomi, kiatu kikikubana, huwa unakata vidole?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, na haya ikanifanya mkaidi. Pembeni mwa karatasi palikuwa na nafasi tele, mjukuu wangu. Niliogopa kuichafua fomu yangu.

Shamba likapimwa la watu sita. Msimu ule chakula hakikutosha, na wale yatima watatu wakapandishwa treni pale stesheni ya Igalula, kila mmoja kwenda kwa jamaa tofauti. Sijui kama walikutana tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na kata nilikuwa nimeishika mimi.

Basi usianze na fremu ya dirisha. Tanguliza yaliyomo, pamoja na jina refu kuliko yote; yapime, ndipo dirisha lijipanue kuyatosha. Yakizidi kioo cha kompyuta, mpe mtu njia ya kuyasogeza ayasome, usiyakate kimyakimya. Na ukiona uchungu kuharibu ulichokipamba, kiharibu tu.

Mungu akupe wepesi wa kufuta na subira ya kuuliza, wala asibaki mtu nje kwa sababu ya mkono wako. Amina.