Taa ya Chini ya Mama Elema

Elema Boru aliporudi kutoka baharini mwaka wa themanini na moja, mtaa wetu wote wa Bula Pesa ulitaka kumwona. Mimi ndio zaidi, kwa sababu tuliishi ploti moja, na mimi Umulkheir nina ugonjwa wa kuuliza. Miaka saba alikuwa amefanya kazi kwenye meli ya watalii, kutandika vitanda na kuosha mabafu. Akatuambia kila chumba cha kulala kina choo chake humo humo.

"Astaghfirullah! Ndani kwa ndani?" nikasema. "Na usiku wanaonaje?"

"Kuna kataa kadogo chini, karibu na sakafu. Kanawaka mpaka asubuhi. Mtu anaona miguu yake tu, anarudi kulala."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Elema hakucheka. Mama yake alikuwa haoni vizuri gizani, na alikuwa ameanguka akienda choo cha ploti huko nje uani, akaumia nyonga. Alishasema wazi: jambo hilo lisipopata dawa, anahamia Garba Tula kwa dada yake. Elema ndiye mtoto wake wa pekee, na ndio kwanza amefika nyumbani.

Basi akaanza na tochi. Tochi ya nini? Mkono mmoja wa mama umeshika fimbo, wa pili birika la maji. "Niishike na meno?" mama akamuuliza. Akajaribu koroboi, upepo ukaizima. Mwishowe akatundika taa ya chemni juu ya mlango wa choo, ikawaka usiku kucha.

Jamani! Kwetu taa ikikesha, kuna mgonjwa au kuna maiti. Mzee Jirma wa chumba cha pili akatoka mbio, wanawake wakajifunga shuka, tukakusanyika uani. Mama Elema akafungua mlango wa choo, birika mkononi, akatukuta tumesimama tunamngojea kwa huzuni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Asubuhi mama akafunga mizigo yake. Lori la soko la mifugo lilikuwa linarudi Garba Tula kesho yake.

"Hata mzee ana aibu yake," alimwambia Elema. "Sitangaziwi haja zangu."

Elema akachukua patasi. Alishinda akichimba shimo ukutani mwa choo, chini kabisa, karibu na kisigino cha mtu. Akawasha koroboi akaiweka humo, akaifunika na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa upande wa chini. Kando ya njia akaweka nyingine kama hiyo. Mimi sikungoja jioni. Niliingia mchana, nikafunga mlango, nikaziba mwanya kwa leso kuwe giza, nione. Wallahi, mwanga ulilala sakafuni tu, ukuta wote giza. Nilikaa humo mpaka mtu akabisha.

Baada ya isha mama alienda peke yake. Tulisikia fimbo ikigonga taratibu, bila kusita, kwenda na kurudi. Elema alikuwa ameketi mlangoni kwao, amekaza macho chini. Mama akasimama mbele yake.

"Hii ndiyo ulikuwa unawawashia watu huko?"

"Ndiyo, mama. Kila jioni."

"Na mama za watu walikuwa wanafika salama?"

"Walikuwa wanafika."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na mimi miaka saba napapasa ukuta, Elema."

Elema alilia pale pale, mtu mzima, mbele ya ploti nzima, na hakuna aliyemcheka. Mama aliingia ndani, nasi tukalala bila kujua ameamua nini.

Asubuhi lori likapiga honi barabarani. Nikakimbia kumwita mama, nikamkuta anakunywa chai, mizigo imefunguliwa.

"Umulkheir, wewe una miguu," akaniambia. "Mwambie dereva aende tu. Mtoto wangu amerudi."